UZI: Admirali aliyezificha manowari zake Kilindini. Alikimbia vita au alituokoa?

#1 Pwani Kavu

Wakuu, salaam.

Kila nikivuka feri ya Likoni hupenda kusimama ukingoni, upande unaotazama bandari. Nabanwa na mkokoteni wa maji huku na gunia la nazi kule, na macho yangu yako kwenye meli za makontena zinazoingia. Mwaka 1942 mahali hapohapo palitia nanga kundi la manowari za Mwingereza lililopewa kazi ya kulinda Bahari ya Hindi yote, kuanzia Ceylon (Sri Lanka ya leo) hadi kwetu. Aliyelileta ni admirali mmoja mwembamba, mwenye maneno ya utani na mdomo usiochujwa, anayeitwa James Somerville.

Bila shaka wengi hamjamsikia. Waingereza wenyewe wakitaja maadmirali wa vita ile huanza na Cunningham, kisha Ramsay, kisha Fraser. Huyu wetu hutajwa mbele mbele huko, watu wakishachoka. Ninachodai kwenye uzi huu ni kimoja: heshima yake kubwa aliipata kwa vita ambayo hakuipigana, na Mombasa ndiyo shahidi.

Nianze na mtu mwenyewe. Alizaliwa 1882, akaingia jeshi la majini akiwa kijana wa miaka 14, mwaka 1897. Fani yake ilikuwa simu za upepo (redio), enzi ambazo mabaharia wengi bado waliziona ni uchawi. 1939 akiwa mkuu wa manowari za Uingereza upande huu wa dunia, madaktari wakasema ana kifua kikuu. Akarudishwa nyumbani, akastaafishwa. Kwa mtu wa kawaida hadithi ingeishia hapo, na kiti cha kuota jua bustanini.

Vita ilipoanza akarudi kazini, na jina lake likabaki kwenye daftari la wastaafu. Yaani aliongoza makundi mawili makubwa ya manowari akiwa, kwa karatasi, mzee wa pensheni. Jina lilirudishwa kwenye daftari la walio kazini 1944.

Naendelea nikipata chaji.

#2 Nondo Tupu

Nimeweka mkeka na chupa ya chai. Tiririka mkuu.

#3 Mtu wa Ubungo

Mkuu unaanza na pensheni, sisi tunataka mizinga.

#4 Pwani Kavu

Mizinga inakuja, na ya kwanza ni ya aibu.

Juni 1940 alipewa kundi la manowari lililokaa Gibraltar. Ufaransa ilikuwa imeshasalimu amri kwa Mjerumani, na London ilihofia manowari za Mfaransa zisije zikaangukia mikononi mwa Hitler. Nyingi zilikuwa Mers el-Kébir, pwani ya Algeria. Somerville akaagizwa awape masharti: wajiunge na Uingereza, au waende mbali na vita, au wazizamishe wenyewe, na wakikataa yote awapige. Yeye na maofisa wake hawakuitaka kazi ile na walisema hivyo kwa wakubwa. Jibu lilikuwa piga.

Tarehe 3 Julai, baada ya kutwa nzima ya mazungumzo, alipiga. Mabaharia 1,297 wa Kifaransa walikufa, watu ambao wiki mbili kabla walikuwa washirika wake. Alimwandikia mkewe kwamba lile ni kosa kubwa kabisa la kisiasa la zama zake na kwamba wote wanaona aibu.

Nimeliweka hili mapema kwa makusudi. Sitaki mtu aje baadaye kunitolea kama karata iliyofichwa.

#5 Bint Likoni

Sasa mtu kama huyo anaheshimiwaje? Amri ni amri, lakini 1,297 ni watu.

#6 Sokwe Mtulivu

Historia ya wakoloni kuuana wenyewe kwa wenyewe. Sisi inatuhusu nini?

#7 Mzee wa Kisiwani

Sokwe, inatuhusu kwa sababu walikuja kukaa kwetu. Nami niongeze la lugha, maana vijana siku hizi hamjui mnachokitamka. Kilindini ni kilindini: penye kilindi, maji ya kina. Wazee waliokipa jina kile kijito cha bahari walikuwa wamekipima kwa kamba na jiwe kabla Mwingereza hajajua Mombasa iko wapi. Manowari yenye kuzama maji futi thelathini haitii nanga popote tu. Jina lilishamwambia admirali pa kwenda.

Na neno lenyewe manowari tumelitoa midomoni mwao wenyewe, tukalipa irabu zetu, likawa letu. Nani leo analiona geni?

#8 Pwani Kavu

Ahsante Mzee. Bint Likoni, swali lako nitalirudia, limenikaa.

Kabla sijafika Aprili 1942, niseme kidogo alivyokuwa akiongoza, maana hapo ndipo watu wake walipompendea. Alfajiri alikuwa akishuka kwenye kimtumbwi chembamba cha makasia, admirali mzima, anapiga kasia peke yake kuzunguka bandarini kati ya manowari zake. Baharia anayefua sitaha anainua macho, anamwona mkuu wa kundi zima yuko chini pale anatoka jasho. Hakuna ripoti ya ofisini inayoweza kukuonesha kutu ya meli kama mtumbwi.

Pia alikuwa akipanda ndege. Marubani wa Ark Royal, meli ya kubeba ndege ya kundi lake la Gibraltar, walirusha Swordfish, ndege za mabawa mawili yaliyovikwa kitambaa, na yeye akiwa na zaidi ya miaka 55 alijikunja kiti cha nyuma akaenda kuona wanachokiona. Ndege hizohizo ndizo zilizopiga usukani wa Bismarck, manowari kubwa ya Mjerumani, jioni ya tarehe 26 Mei 1941, ikabaki inazunguka kama kuku aliyekatwa kichwa hadi asubuhi ilipozamishwa. (Saa chache kabla, marubani haohao walikuwa wameishambulia Sheffield, manowari ya kwao wenyewe, kwa kudhani ndiyo Bismarck. Walikosa, Mungu bariki.)

Na utani. Alikuwa tayari ana heshima moja ya kuitwa Sir, 1941 akapewa ya pili ya namna hiyohiyo. Rafiki yake Cunningham akamtumia ujumbe wa simu ya upepo wa kumpongeza. Kwa Kiingereza neno la cheo hicho na neno usiku hutamkwa sawa, kwa hiyo ujumbe ulisomeka: mara mbili, kwa umri wako?

#9 Mtu wa Ubungo

😂😂 Hapo nimemkubali Cunningham. Na simu ya upepo kila mtu anasikia.

#10 Pwani Kavu

Sasa Aprili 1942. Kaeni vizuri.

Singapore imeanguka Februari. Manowari mbili kubwa za Mwingereza, Prince of Wales na Repulse, zilishazamishwa na ndege za Mjapani Desemba. Mwisho wa Machi Somerville anafika Colombo kukabidhiwa Kundi la Mashariki. Ukilisoma kwenye karatasi linatisha: manowari kubwa tano, meli tatu za kubeba ndege. Ukilichungulia kwa karibu, nne kati ya zile kubwa (Resolution, Ramillies, Royal Sovereign, Revenge) ni za Vita vya Kwanza, zilijengwa kwa baridi ya Bahari ya Kaskazini, mwendo wa kobe, na katika joto letu zinaishiwa maji safi mapema. Marubani wengi wageni. Meli hazijawahi hata kufanya mazoezi pamoja.

Anayekuja ni Nagumo, admirali wa Mjapani, yuleyule wa Pearl Harbor, na meli tano za kubeba ndege. Ndege zake zinakaribia mara tatu ya za Somerville, na marubani wake wamekuwa wakishinda tangu Desemba.

Somerville hakuwa na chembe ya shaka kuhusu hesabu hii. Alijua kwamba akikutana na Nagumo mchana, jioni hana kundi. Akapanga hivi: mchana kaa mbali asikuone, usiku msogelee, rusha ndege zenye rada zimpige gizani, kabla ya alfajiri potea. Wajapani walikuwa hawajazoea mchezo huo wa usiku wa ndege.

Alikuwa pia na siri. Kusini mwa Maldivi kuna kisiwa cha pete kiitwacho Addu, Waingereza walikuwa wamekigeuza kituo cha mafuta ambacho Mjapani hakukijua. Ukiitazama ramani, Mjapani anadhani una bandari mbili tu, Colombo na Trincomalee. Wewe una ya tatu mfukoni.

Na hapa ndipo alipokosea. Taarifa za siri zilisema shambulio ni tarehe 1 Aprili. Akasubiri kusini mwa Ceylon siku tatu, akazunguka, hakuna kitu. Manowari kongwe zinalia maji. Akaamua labda wamekosea, akarudi Addu, na akaziruhusu manowari za kati Cornwall na Dorsetshire kwenda Colombo, na Hermes, ile meli ndogo ya kubeba ndege, kwenda Trincomalee.

Tarehe 4 jioni rubani wa Kikanada, Birchall, akamwona Nagumo baharini, akatuma ujumbe, akaangushwa. Tarehe 5, Jumapili ya Pasaka, Colombo ikapigwa. Cornwall na Dorsetshire zikakutwa baharini zikirudi kwa mkuu wao, zikazama kwa muda wa dakika chache tu. Watu 424 wakafa, na zaidi ya 1,100 wakaelea majini kama saa thelathini, mafuta machoni, mpaka meli zilipowafikia. Tarehe 9 ikawa zamu ya Trincomalee, Hermes ikashuka na watu 307.

Usiku ule wa tarehe 5 Somerville bado alikuwa anamtafuta Nagumo. Hawakuonana. Ukiniuliza mimi, ilikuwa salama yake.

#11 Chuma cha Reli

Kwa hiyo tunamheshimu mtu aliyepoteza meli tatu bila kumpiga adui hata kofi, kisha akatimua mbio hadi Mombasa? Hata mimi ningeweza kazi hiyo.

#12 Pwani Kavu

Chuma, kofi la jibu hili hapa.

Fungua ramani. Bahari ya Kati ilikuwa imefungwa, kwa hiyo kila kifaru, kila pipa la mafuta la jeshi la Misri, lilizunguka Rasi ya Tumaini Jema, likapita mbele ya pwani yetu, likaingia Bahari ya Shamu. Mafuta ya Uajemi yalipita hukuhuku. Misaada ya Urusi kupitia Iran, hukuhuku. Kundi la Mashariki likifa Aprili, njia hiyo haina mlinzi. Meli tatu ni hasara, na makosa ya tarehe 2 ni yake, sijamfichia. Lakini manowari nyingine zote kubwa zilibaki zinaelea, na Nagumo hakuwa na muda wa kurudi. Miezi miwili baadaye, kwenye vita ya Midway dhidi ya Mmarekani, meli zake tatu kati ya zile tano zilikuwa chini ya bahari.

Sasa kukimbia. Ofisa wa zama zile alilelewa kwamba manowari ikimwona adui inamwendea. Kuiambia serikali yako, magazeti yako na Churchill mwenyewe kwamba unaondoka Ceylon, unarudi nyuma hadi Afrika, inataka roho ngumu kuliko kufa na bendera mkononi. Wangapi wangekufa na bendera mkononi? Wengi tu. Na wangechongewa sanamu.

#13 Nondo Tupu

Chuma cha Reli kimepinda.

#14 Kipanga Mweusi

Uzi umenoga, nami nichangie la majina. Waingereza huwa wanavipa vituo vyao vya nchi kavu majina kama meli. Kituo cha majini Kilindini kikaitwa Tana. Uwanja wa ndege za majini pale Port Reitz ukaitwa Kipanga. Wa Nairobi ukaitwa Korongo. Wa Tanga ukaitwa Kilele. Kwa hiyo kulikuwa na mabaharia wa Liverpool wakiandika barua nyumbani na anwani ya meli inayoitwa Korongo, iliyo zaidi ya kilomita mia nne kutoka baharini.

Na shule ya Allidina Visram, mnaijua. 1942 wavunja siri za Mjapani waliokuwa wamehama Singapore wakaja Colombo, wakahamia hapo, madarasani. Wakakaa hadi 1943. Walivunja humo siri ya ujumbe wa meli za biashara za Kijapani. Mwanafunzi wa leo anapiga hesabu za aljebra chumba ambacho huenda kilipigiwa hesabu nzito zaidi.

#15 Bint Likoni

Nimesoma jirani na Allidina, nimepita pale miaka. Hakuna aliyewahi kutuambia!

#16 Sokwe Mtulivu

Haya, nimekaa. Lakini hilo kundi lilipokuwa linakula samaki wa kupaka Mombasa, nyambizi za Mjapani zilikuwa zinafanya nini Mlango wa Msumbiji?

#17 Pwani Kavu

Umenibana, na ni haki. Juni na Julai 1942 zilizamisha zaidi ya meli ishirini za mizigo. Somerville hakuwa na meli ndogo za kutosha za kusindikiza, na zile chache zilikuwa zimefungwa na kazi ya Bukini (Madagaska), maana Mei Waingereza walitua Diego Suarez (na pale Ramillies ikatobolewa na nyambizi ya watu wawili). Miezi iliyofuata alizidi kunyang'anywa: meli za kubeba ndege zikaenda Malta, zikaenda kwingine, hadi akabaki na kundi lisilokuwa hata na moja. Kuongoza kundi linalopukutika, kila mwezi barua ya kuomba na kila mwezi barua ya kunyimwa, na bado mabaharia wako waamke asubuhi wafue sitaha. Hilo nalo ni uongozi.

Septemba 1943 makao yakarudi Ceylon. Aprili 1944 hatimaye akapiga, Sabang huko Sumatra, halafu Surabaya Mei, halafu Sabang tena Julai. Na angalia nani alikuwa kwenye msafara wake: Mmarekani Saratoga, Waholanzi, Wanyuzilandi, na Richelieu, manowari kubwa ya Ufaransa. Miaka minne baada ya Mers el-Kébir. Mabaharia wa Kifaransa wanapokea ishara za bendera kutoka kwa mtu yuleyule.

Bint Likoni, sijui kama hilo linajibu swali lako. Ndilo jibu nililo nalo.

#18 Hesabu za Jioni

Huwa sichangii, leo imebidi.

Tarehe 12 Februari 1944, meli ya abiria Khedive Ismail ilikuwa njiani kutoka Mombasa kwenda Colombo, msafara wa meli tano za askari, chini ya himaya ya Kundi la Mashariki, yaani la huyu mheshimiwa wenu. Ndani watu 1,511. Kati yao 996 ni Kikosi cha 301 cha wapiga mizinga wa Afrika Mashariki. Wetu. Walikuwa wanapelekwa Ceylon, na mbele ya Ceylon ni Bama (Myanmar ya leo). Walikuwepo pia wauguzi na wanawake wa jeshi la majini.

Karibu na Maldivi nyambizi I-27 ikaipiga. Ilizama kwa muda wa kama dakika mbili. Ilikuwa mchana, wengi walikuwa chini ndani.

Nyambizi ikajificha chini ya watu waliokuwa wanaelea. Manowari Petard ikaangusha mabomu ya majini palepale, katikati ya vichwa vya watu, ili isije ikazamisha meli nyingine nne zilizojaa askari. Nyambizi ilipopigwa ikaibuka juu, ikagongwa, ikapigwa mizinga bila kuzama, hadi kombora la majini la saba ndilo lililoimaliza.

Waliookoka: wanaume 208, wanawake 6. Toeni wenyewe. 1,511 kutoa 214.

Halafu rudini #4 muangalie idadi ya Mers el-Kébir.

#19 Mtu wa Ubungo

1,297.

Na 1,297.

Mkuu mwili umenisisimka.

#20 Mzee wa Kisiwani

Inna lillahi. Sadfa ya hesabu tu, lakini nzito.

#21 Pwani Kavu

Hesabu, nilikuwa naijua Khedive Ismail. Nilikuwa nataka kuimaliza kwa mstari mmoja mwishoni, nikiri. Umefanya vizuri kunitangulia, maana mstari mmoja ungekuwa dharau.

Msafara ule ulisindikizwa na manowari kongwe ya kati, Hawkins, na ndogo mbili, Petard na Paladin. Kwa meli tano za watu. Sababu ni ileile niliyoisema #17, hakuwa nazo. Alisema hana, akaandika hana. Lakini mkuu wa kundi hubeba vyote, vilivyozama na vilivyofika, na mimi nikiandika uzi wa kumsifu inabidi nivibebe pia.

Alikabidhi kundi kwa Fraser Agosti 1944, akaenda Washington kuwakilisha jeshi lake, ambako alipatana hata na Admirali King, mkuu wa jeshi la majini la Marekani, mtu ambaye Waingereza wengi walimwogopa. Tarehe 8 Mei 1945, siku vita ilipoisha Ulaya, akapewa cheo cha juu kabisa cha jeshi la majini. Akafa Machi 1949 nyumbani kwao Somerset.

#22 Chuma cha Reli

Nimenyooka kidogo. Kidogo. Lakini cheo chake kina tarehe, na wale 996 je? Wana nini?

#23 Kipanga Mweusi

Wana majina. Nairobi, barabara ya Ngong, makaburi ya vita, kuna Ukumbusho wa Afrika Mashariki kwa wasio na kaburi. Waliozama na Khedive Ismail wamo.

#24 Chuma cha Reli

Nafanya kazi Nairobi miaka sita, nimepita hapo mara ngapi sijui, nikidhani ni makaburi ya wazungu. Jumamosi nakwenda.

#25 Nondo Tupu

Tunasubiri mrejesho. Usituletee picha za nyama choma.

#26 Chuma cha Reli

Nimetoka huko saa hii, nimekaa kituoni nangoja matatu.

Majani yamekatwa chini kabisa, pako kimya ingawa barabara iko hatua chache. Nilipozikuta safu za majina nilianza kusoma kutoka juu, kwa sauti ndogo, kama mtu anayehesabu. Nikasoma, nikasoma, jua likanihamia shingoni. Mzee mmoja anayetunza maua akaja, akaniuliza natafuta jamaa yangu?

Nikamwambia natafuta wapiga mizinga. Akaweka mkebe wake wa maji chini, akanionesha kwa kidole pa kuanzia.